Siku Niliyompeleka Baba Joshoni

Jumamosi iliyopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na mfuko wa kitambaa, akautupa juu ya meza ya kulia, na kabla hajaufungua nilijua kilichokuwamo. Ni harufu. Wenzangu mliocheza chesi katika shule za msingi mnaijua: ule ubao wa plastiki laini unaokunjwa kama mkeka, ukikaa mfukoni siku nyingi hutoa harufu ya ndala mpya iliyochanganyika na jasho la mikono ya watoto. Binti yangu aliukunjua, pembe zikakataa kulala, akazigandamiza kwa kopo la sukari na simu yangu.

"Mama, unajua kucheza?"

Nikamwambia nilijua zamani. Mume wangu, aliyekuwa anasoma gazeti, akacheka peke yake. Yeye hudai kwamba katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumuuliza swali, huwa namtegea tu. Ati nikitaka twende kwetu sisemi, "Twende?" Nasema, "Tutoke saa mbili au saa tatu?" Nimewahi kununa siku nzima kwa sababu ya maneno hayo, lakini siwezi kuyakanusha, na najua vizuri nilikojifunza tabia hiyo.

Nilijifunza Kitengela, nilipokuwa darasa la sita. Kitengela ya wakati huo ilikuwa haijaamua kama ni mji au ni malisho. Ghorofa lilikuwa likipanda upande huu wa barabara, na upande wa pili ng'ombe wamesimama wakilitazama. Upepo ulivuma mchana kutwa na kutuletea vumbi la machimbo ya mawe ndani ya chai. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi uling'ang'ania viatu mpaka ukifika shuleni umeongezeka urefu kwa inchi mbili. Sisi tulikuwa Wakamba waliokuja kutafuta maisha, mimi, Baba, Mama na mdogo wangu Kioko aliyekuwa bado ananyonya, katika vyumba viwili nyuma ya duka la mbao. Baba alikuwa fundi wa umeme. Kazi yake ilikuwa kutandaza nyaya katika yale maghorofa, na ghorofa likiisha, kazi nayo imeisha.

Aliyeniletea chesi alikuwa Mwalimu Naserian, mwalimu wetu wa hisabati. Alikuwa Mmaasai wa pande za Kajiado, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha tunyamaze ili tumsikie. Asubuhi alipopita uwanjani tulimkimbilia na kuinamisha vichwa ili atuguse utosini, kama watoto wa kwao wanavyowasalimu wakubwa. Wakamba, Wakikuyu, wote tulipanga vichwa. "Sopa!" alisema, nasi tulijibu, "Epa!" kwa kelele, tukajiona wenyeji. Alikuwa amejifunza chesi chuoni alikosomea ualimu, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alitandika mbao tatu sakafuni, maana madawati yetu yaliinama na kete zilikuwa zikiteleza.

Miezi ya kwanza tulicheza kama kuku wanaokimbizana. Kila mtu alifikiria hatua yake mwenyewe, akaisukuma kete kwa nguvu, kisha akashangaa kwamba mwenzake naye ana mikono. Ijumaa moja Mwalimu alisimamisha michezo yote.

"Nyinyi mnafikiria hatua yenu peke yake," alisema. "Mmewahi kuona ng'ombe wakipelekwa josho?"

Tulikuwa tumeona. Njiani kwenda shule palikuwa na josho, ule mfereji wenye dawa ya kupe ambamo ng'ombe huogeshwa mmoja mmoja.

"Nani anamsukuma ng'ombe aingie?"

"Hakuna mtu, Mwalimu."

"Hakuna. Mwanzoni ua uko mpana, hata haoni kama ni ua. Anatembea tu. Unakuwa mwembamba kidogo, anatembea. Unakuwa mwembamba tena. Akikuja kushtuka, iko njia moja tu mbele yake, na anaona ni yeye ameamua." Alichukua farasi mweupe akamzungusha vidoleni. "Mchezo uanzeni hivyo. Kabla hujagusa kete, jiulize: nikienda hapa, mwenzangu atabaki na majibu mangapi mazuri? Kama ni kumi, tafuta hatua ingine. Kama ni moja, hapo umecheza."

Nakumbuka nilihisi kama mtu amefungua dirisha kichwani mwangu. Nilikuwa tayari nimeanza kuzipanga kete upya aliposema yaliyobaki.

"Lakini hiyo njia moja uijue wewe kwanza, na uiache wazi. Ng'ombe akikosa njia kabisa anaruka ua. Na akiruka, anaangusha miti ya ua, na wewe pia."

Tulicheka. Nusu ya kwanza ya somo niliibeba nyumbani, nusu ya pili nikaiacha pale sakafuni, na haikunisumbua hata kidogo.

Ufunguzi aliotufundisha tuliuita Josho. Ninauelewa hata leo. Unamtoa askari wa mbele ya mfalme, unamtoa farasi, unamtoa askofu, kisha farasi anaruka tena, na sasa yeye na askofu wote wawili wanamkodolea macho askari mmoja mnyonge wa mwenzako, yule anayelindwa na mfalme peke yake. Ubao umejaa kete, mwenzako anaona ana hatua ishirini, lakini iliyo nzuri ni moja tu: asukume askari wa katikati ili amzibe askofu. Na hata akiiona hiyo, ukishamla huyo askari, jibu ambalo mkono unataka kucheza, la kulipiza kwa farasi, ndilo bovu. Farasi wangu alijitoa mhanga, mfalme wake akatoka nje bila shati, na mchezo ukaisha kabla ya kengele.

Niliwapiga wote, darasa la saba na la nane nao wakiwemo. Nikawa mtoto asiyevumilika. Nyumbani nilianza kumwambia Mama, "Nioshe vyombo baada ya katuni ama baada ya kazi ya shule?" naye, akiwa na Kioko mgongoni na sufuria mkononi, akachagua moja bila kuona kwamba jibu la "osha sasa" nimeliondoa mezani. Nilijiona nina akili kuliko watu wazima wote wa Kitengela. Sikuwa mbali sana na kuamini kwamba dunia nzima ni josho, na mimi ndiye mwenye ua.

Baba hakuipenda chesi. Yeye alikuwa mtu wa drafti, ile ya vifuniko vya soda, iliyochezwa na mafundi nje ya duka la vifaa vya ujenzi wakisubiri kuitwa kazini. "Ni mchezo gani huo mtu anaweza kukataa kula?" aliniuliza mara moja nilipomwonyesha. Katika drafti, ukiwekewa kifuniko cha kula, lazima ule, hata kama unaona wazi kwamba ukila kimoja utaliwa vitatu. Kumfanyia mtu hivyo waliita kumlisha. Baba alikuwa bingwa wa kulisha watu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mpole, na mimi aliniita Mwaitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Alipoliita jina hilo nilijihisi mtu mkubwa.

Kisha ikaja habari ya Magadi. Baba alikuwa amepata kazi ya kudumu kiwandani huko, kwenye ziwa la chumvi ya magadi, na kazi ilikuja na nyumba. Mama alipoambiwa alikaa kitini ghafla, akacheka, akalia, akamshukuru Mungu kwa Kikamba. Baba alisema, "Huko joto ni la ajabu. Wanasema hata kivuli kinatoa jasho. Lakini ni kazi." Tulitakiwa kuhama mwisho wa mwezi.

Na shindano la shule za kaunti lilikuwa Kajiado, wiki mbili baada ya mwisho wa mwezi. Mwalimu Naserian alikuwa amechagua wachezaji wanne, na mimi nilikuwa ubao wa kwanza, yaani mchezaji namba moja wa timu. Sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa na viatu vya kuazima, nilikuwa wa kumi na nane darasani, na sikuwahi kuchaguliwa kwa chochote isipokuwa kufagia. Niliitaka Kajiado kwa moyo wangu wote. Usiku wa habari ile Mama aliimba akipika, nami nikauma blanketi ili wasisikie ninavyolia.

Kumwomba Baba hakukunijia akilini, na hilo ndilo linalonishangaza sasa. Nilikaa na ubao nikahesabu majibu yake. Nikimwomba faraghani, anaweza kusema "tutaona." Anaweza kusema "muulize mama yako." Anaweza kukataa, au kunyamaza tu, na kunyamaza kwa Baba kulikuwa jibu refu kuliko yote. Majibu manne, na yote mazuri kwake. Huo ulikuwa ufunguzi mbovu. Ilinibidi nitafute mahali ambapo ua ni mwembamba.

Nikapapata. Jumapili ya mwisho wa mwezi ilikuwa zamu yetu kupokea ushirika, ile ibada ya kuzunguka nyumba kwa nyumba saa tisa alasiri. Kila aliyekuja alitoa shukrani ya wiki, na watoto walisimama, wakasema mstari wa Biblia, kisha wakashukuru jambo moja. Kilichonivutia ni kwamba shukrani haikuulizwa swali. Ukishashukuru, watu husema Amina, mtu anaanzisha wimbo, imepita. Sikuwahi kumsikia mzazi akisimama kumsahihisha mtoto aliyemshukuru Mungu.

Jumapili ile vyumba vyetu viwili vilijaa mpaka watu wakakaa kitandani. Kiongozi alikuwa Mama Shiro, mwanamke mnene wa Kikuyu aliyeuza maziwa, mwenye sauti iliyofika barabarani. Baba alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema "Bwana asifiwe" mara mbili, nikatoa ule mstari wa kuwaheshimu wazazi, wala sikuona haya.

"Namshukuru Mungu," nikaendelea, "kwa sababu Baba yangu amekubali tusihamie Magadi mpaka nicheze chesi Kajiado."

"Haleluya!" Mama Shiro akaruka kabla sijakaa. "Fundi, kumbe uko hivyo? Wababa wengine wangebeba mtoto kama gunia la viazi. Watu wa Mungu, si tumpigie fundi makofi ya kilo?"

Wakampigia. Mabati yalilia. Mama, aliyekuwa anagawa chapati, alisimama na sahani hewani, akanitazama mimi, akamtazama Baba. Baba naye alinitazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama alivyokitazama kifuniko alichowekewa mbele yake. Kisha akainamisha kichwa.

"Amina," akasema.

Nilikaa chini nimejaa furaha. Nilikuwa nimemfunga Baba kwa hatua moja.

Wageni walipoondoka Mama aliniuliza ni nani aliyeniambia kwamba Baba amekubali. Nikamjibu, "Si amesema Amina?" Mama alifungua mdomo, lakini Baba, aliyekuwa anakunja viti vya kuazima, akamwambia, "Wacha. Ameshasema mbele ya watu."

Asubuhi nilimkuta amefunga mfuko. Koleo zake, kijaribio cha umeme, suruali mbili na sufuria ndogo. Nilisimama na sare ya shule nikishindwa kuelewa. "Mwaitu, saidia mama yako," aliniambia, akapita mlangoni bila kugeuka. Mama alinieleza huku akimvisha Kioko soksi: kazi inaanza wiki hiyo, nyumba inapewa aliyeripoti, kwa hiyo Baba ametangulia peke yake, nasi tutafuata nikimaliza mambo yangu. Alisema "mambo yako" polepole, na nikatamani angenichapa.

Jibu hilo sikuwa nimelihesabu. Ahadi niliyomwekea mdomoni ameitimiza, kazi yake ameishika, na kilichotoka ubaoni ni yeye. Na mimi, kwa akili yangu ya mtoto, niliamini ametoka kabisa. Baba wa rafiki yangu alikuwa amekwenda Loitokitok kulima vitunguu kwa msimu mmoja, akapata boma jingine huko, asirudi. Kwangu mimi hivyo ndivyo akina baba walivyoondoka: kwa mfuko mdogo, asubuhi, kwa sababu ya kazi. Na wa kwetu nilikuwa nimemwondoa mimi.

Alipiga simu siku ya tatu. Mama alitoka nje kuongea, nikasikia akicheka kidogo, akirudi simu imeshakatwa. "Anakusalimia," akasema. Niliijua sauti ya Mama anapodanganya kwa upole. Ikawa hivyo kila baada ya siku mbili: simu, Mama nje, anakusalimia. Kigoda kilibaki karibu na mlango na hakuna aliyekikalia. Mafundi wa drafti walinisimamisha njiani kuniuliza bingwa wao yuko wapi, nikawaambia amesafiri, nikakimbia.

Ijumaa iliyofuata, wenzangu walipokwenda nyumbani, nilibaki kumsaidia Mwalimu Naserian kukusanya kete, nikamweleza yote. Nilidhani atacheka ile sehemu ya ushirika. Hakucheka.

"Ulimwachia jibu gani zuri?" aliuliza.

"Kusema Amina."

"Hilo ni zuri kwako. Lake lilikuwa lipi?"

Nilitafuta, nikakosa. Machozi yakaanza, nami nikasema kwa haraka kwamba basi sitaenda Kajiado, nitamwambia Mama ampigie simu sasa hivi, amwambie nimeacha chesi, tuhamie Magadi kesho.

"Hapana," alisema. "Huo ni mtego mwingine. Ukiacha kwa ajili yake, yeye atajibu nini? Atakubali awe baba mbaya, ama akulazimishe kucheza. Tena umemfunga." Alinifuta uso kwa kitambaa cha kufutia ubao, nikajaa chaki. "Wewe umeshacheza, mtoto wangu. Hii ni zamu yake. Mngoje."

Kungoja ndiyo hatua ngumu kuliko zote nilizowahi kucheza. Nililala nikiamka kwa siku nane.

Kajiado tulipelekwa na basi la shule, na shindano lilikuwa katika ukumbi wa kulia chakula wa shule moja, meza ndefu, harufu ya maharagwe kwenye kuta. Mchezo wa kwanza nilimpeleka mwenzangu joshoni, akaingia. Wa pili pia. Niliona majina yetu yakipanda kwenye ile karatasi ya ukutani, lakini furaha niliyoingoja mwaka mzima haikuja. Nilikuwa nikitazama mlango.

Mchezo wa tatu nilikutana na msichana wa bweni la huko Kajiado, kichwa kimenyolewa safi, mikono ya sweta imevutwa mpaka vidoleni. Alinyoosha mkono akanisalimu kama mtu mzima. Nikafungua Josho. Akasukuma askari wa katikati, lile jibu zuri, nikasema si kitu, wapo wanaoliona. Nikamla yule askari nikangoja alipize. Hakulipiza. Alifikiri muda mrefu, akifumba macho mara kwa mara, kisha akamchukua farasi wake wa pili akampeleka ukingoni kabisa mwa ubao, mahali ambapo sote tulifundishwa farasi asiende kwa sababu hana pa kukanyaga.

Nilidhani amekosea. Kisha nikaona kwamba askofu wangu hana raha, na farasi wangu naye atafukuzwa, na kwamba kuanzia hapo sijui chochote. Miezi yote ile nilikuwa nimejiandaa kwa watu wanaokosea. Aliyejibu vizuri sikuwahi kumfikiria. Ilibidi nicheze chesi sasa, ile yenyewe, ya kuuliza na kujibu, na niliicheza kwa zaidi ya saa moja, nikijikwaa, nikimheshimu yule msichana zaidi kwa kila hatua. Mwishoni nilimlaza mfalme wangu mwenyewe ubaoni, kukubali kwamba nimeshindwa. Tulipeana mikono, yake ilikuwa baridi kama yangu.

Niliposimama nilimwona Baba. Alikuwa nje ya dirisha pamoja na wazazi wengine, amekonda, midomo imepasuka kwa joto, viatu vyeupe kwa vumbi la magadi. Sikumkimbilia. Niliogopa. Nilitoka polepole kama mtu anayekwenda ofisi ya mwalimu mkuu.

"Umekula ama umeliwa?" aliuliza.

"Nimeliwa."

"Uko na njaa?"

Tulikaa juu ya ukuta mfupi nyuma ya ukumbi. Alikuwa amenunua mayai manne ya kuchemsha, yamefungwa kwa gazeti, na chumvi kwenye kipande cha karatasi. Akaanza kunihadithia habari za Magadi, jinsi ziwa linavyokuwa la waridi asubuhi, jinsi bomba la maji baridi linavyotoa maji ya moto saa sita. Nilimkatiza. Nilimwambia, "Baba, nisamehe. Nilikusingizia mbele ya watu."

Alitafuna mpaka akamaliza.

"Ulinilisha," alisema. "Mimi nimecheza drafti tangu niwe kijana, na hakuna mtu amewahi kunilisha vile. Nilikasirika, Mwaitu, sitakuficha. Siku za kwanza nilikuwa naambia mama yako asikupatie simu, nisikugombeze. Halafu hasira ikaisha, nikabaki sijui nianzie wapi."

"Kama ningekuuliza, ungekubali?"

Alifikiri kweli. Nilimwona akifikiri.

"Sijui. Pengine ningekataa. Pengine ningesema nitangulie, vile tu tumefanya. Hukuniuliza, kwa hivyo mimi sijui, na wewe hujui."

Maneno hayo yaliniuma kuliko mchezo niliopoteza, na bado yananiuma kidogo ninapoyaandika.

"Sasa mimi niko na swali," Baba alisema. "Nimeongea na mwalimu wako hapo nje, na mama yako tumeongea jana. Unaweza kukaa kwa Mwalimu umalize mwaka kule Kitengela. Ama mama yako abaki na nyinyi, mimi nikuje nikipata ruhusa. Ama tuhamie Magadi wote sasa. Shule iko, lakini chesi sijaiona huko. Hizo zote tatu tunaweza, na hakuna moja itanikasirisha. Unataka gani?"

Niliutafuta mtego. Nilitazama uso wake kama nilivyoutazama ubao, nikapima jibu la kwanza, la pili, la tatu, nikitafuta lile bovu alilolificha.

"Wewe unataka gani?" nikamuuliza.

"Hapana. Nikikuambia, utachagua hiyo. Hapa hakuna mtu wa kanisa. Sema yako."

Nikageuka kutazama. Hakukuwa na mtu, ni mbuzi mmoja tu akitafuna karatasi ya shindano. Baba hakunihimiza. Alimenya yai jingine pole pole, akaliweka kwenye gazeti katikati yetu, akangoja.

"Magadi," nikasema. "Wote."

"Una hakika?"

"Niko na hakika. Nitakufundisha chesi."

Baba alitikisa kichwa kukubali, kisha akageukia upande wa pili na kuanza kutafuta chumvi, akitafuta kwenye mifuko ya koti, akitafuta chini ya gazeti, kwa muda mrefu, ilhali chumvi ilikuwa mkononi mwake.